Vyumba vya kupangisha Mara: kodi inatoka wapi?

Mkazi wa Musoma au Bunda mwenye akiba ya shilingi milioni kadhaa akiulizwa angependa kuziweka wapi, jibu halichelewi: kiwanja na vyumba vya kupangisha. Mkulima aliyeuza pamba akabakiwa na chochote, mfugaji aliyepunguza mifugo kabla kiangazi hakijampunguzia, mvuvi aliyepata msimu mzuri, mwalimu aliyestaafu na kiinua mgongo chake, wote huishia kwa fundi wakiagiza tofali. Mambo ya benki hawayaelewi vizuri, biashara ya duka wanaona imejaa watu, na shamba limewachosha. Nyumba, wanasema, haiugui wala haihitaji mvua.

Kwamba nyumba haiugui, hilo lina ukweli wake, ingawa fundi bomba na mnyonya choo wanaweza kuwa na maoni tofauti. Hilo la mvua ndilo linalowaponza wengi. Chumba cha kupangisha hakilipi kodi chenyewe. Kodi hulipwa na mpangaji, na mpangaji wa mkoa wa Mara, kwa njia moja au nyingine, hula ziwani, shambani, mgodini au kwenye mshahara wa Serikali. Mwenye nyumba anayedhani amekimbia hatari za kilimo mara nyingi amezihamisha tu kutoka shambani kwake na kuziweka mfukoni mwa mtu anayelala kwenye chumba chake.

Hata hivyo si haki kuwabeza wanaojenga. Watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Mara na watu 1,743,830, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 2,372,015. Hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka kumi. Watu hao lazima walale mahali. Lakini ndani ya takwimu hizo hizo kuna jambo ambalo halizungumzwi sana: Manispaa ya Musoma yenyewe ilitoka watu wapatao 134,000 na kufika kama 164,000, yaani ongezeko la asilimia 22 hivi. Kwa maneno mengine, makao makuu ya mkoa yamekua taratibu kuliko mkoa wenyewe. Anayejenga Nyasho, Bweri au Makoko kwa imani kwamba mkoa mzima unahamia mjini anajenga juu ya habari isiyo sahihi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokosekana katika ujenzi mwingi. Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba sita yenye korido katikati, vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani. Tuseme imegharimu Sh24 milioni pamoja na kiwanja, na kila chumba kinapangishwa kwa Sh30,000 kwa mwezi. Hii si takwimu ya utafiti, ni mfano wa kupigia hesabu, na kila mmoja anaweza kuweka namba za mtaa wake.

Vyumba vyote vikijaa mwaka mzima, kodi ni Sh2,160,000. Hapo ndipo wengi hufunga daftari na kwenda kununua saruji. Lakini vyumba havijai mwaka mzima. Mpangaji huhama, mwingine huchelewa, mwingine huondoka usiku na godoro lake. Ukikadiria mwezi mmoja tu wa hasara kwa kila chumba, zinabaki Sh1,980,000. Kodi ya Serikali kwenye pango ni asilimia 10, nayo inaondoa Sh198,000. Kunyonya choo, kubadilisha vitasa, kupaka rangi, kuziba bati na kurekebisha mlango uliovunjwa na mume mwenye hasira, weka Sh240,000. Ongeza pango la ardhi, kodi ya jengo na chai ya dalali. Mwenye nyumba akibakiwa na Sh1,500,000 amefanya vizuri.

Gawa kwa Sh24 milioni. Ni asilimia sita na robo kwa mwaka, na mtaji utarudi baada ya miaka 16.

Kwa kulinganisha, hati fungani za Serikali za miaka 20 na 25 zilizouzwa na Benki Kuu kati ya mwaka 2021 na 2024 zilikuwa na riba ya kuanzia asilimia 12 hadi karibu 16 kwa mwaka, na riba hiyo haikatwi kodi. Hati haivuji wala haigombani na jirani kwa sababu ya maji ya kufulia. Mtu anaweza kuanza kununua kwa shilingi milioni moja. Bado ni wastaafu wachache wa Mara wanaozifahamu, wakati kila mmoja wao anamfahamu fundi ujenzi.

Watetezi wa nyumba watajibu kwamba hati haipandi thamani na kiwanja kinapanda. Ni kweli, na hilo ndilo jibu lao zuri zaidi. Kiwanja kilichonunuliwa Bunda miaka ishirini iliyopita leo ni mali nyingine kabisa. Lakini hapo waseme wazi kwamba faida inatoka kwenye ardhi, wala si kwenye vyumba. Kama ni ardhi inayopanda, mtu anaweza kushika kiwanja kilichopimwa, akajenga vyumba viwili vya kukilinda, badala ya kumwaga kila senti kwenye kuta sita ambazo thamani yake hushuka kila masika.

Swali linalofuata ni kwa nini apangishe chumba kwa chumba badala ya kumpa nyumba nzima mtu mmoja. Nyumba ile ile ya vyumba sita ikichukuliwa na familia moja, labda ya mtumishi wa halmashauri, huenda ikaleta Sh120,000 kwa mwezi, yaani Sh1,440,000 kwa mwaka. Chumba kwa chumba italeta Sh2,160,000 ikijaa. Tofauti ni Sh720,000, na hiyo ni sawa kabisa na kodi ya vyumba viwili kwa mwaka. Maana yake vyumba viwili vikikaa bila mtu mwaka mzima, faida yote ya kupangisha kwa chumba imeyeyuka, na mwenye nyumba amebaki na kazi ya kusuluhisha kaya nne kuhusu zamu ya kufagia uani.

Pamoja na hayo chumba kwa chumba kina ubora mmoja mkubwa ambao mkulima atauelewa haraka kuliko mtu wa benki. Familia moja ikihamishwa kikazi, mapato yote yanakatika siku moja. Wapangaji sita hawahami siku moja. Ni kama kupanda mihogo, mtama na mahindi katika shamba moja: kimoja kikikauka kingine kinabaki. Lakini mfano huo unafanya kazi kwa sharti moja, kwamba wapangaji hao sita wasiwe wanatafuta riziki mahali pamoja. Vyumba sita vya wavuvi watupu ni zao moja lililopandwa mara sita.

Musoma inalijua hili kwa uchungu. Mji umekaa kwenye rasi, ziwa pande zote, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka majini. Machi 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipopiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia, viwanda vya minofu ya sangara vya ukanda mzima wa ziwa vilipunguza kazi kwa miezi kadhaa. Waliopata hasara hawakuwa wenye viwanda na mitumbwi peke yao. Marufuku iliondolewa, sangara wakarudi sokoni, lakini katika miaka iliyofuata samaki wenyewe walipungua na viwanda vikaanza kufanya kazi chini ya uwezo, vingine vikafungwa. Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara ya kupambana na uvuvi haramu, nyavu zikachomwa. Mtu anaweza kuiunga mkono au kuilaumu operesheni ile, lakini mpangaji aliyechomewa nyavu hana kodi ya mwezi huo wala wa kesho yake.

Kabla ya hapo ilikuwa kiwanda cha nguo cha MUTEX. Wafanyakazi wa zamu walihitaji vyumba vya karibu, na vyumba vikajengwa. Mashirika ya umma yalipodorora miaka ya 1990, waliojenga kwa ajili yao walibaki na nyumba katika mahali ambapo mshahara umehama.

Kuna jambo dogo zaidi, la kila mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina maana mbalamwezi ikiwa kali. Kwa hiyo kuna siku kadhaa katika kila mwezi ambazo wavuvi wa dagaa hukaa nchi kavu. Mwenye nyumba wa Mwigobero anayedai kodi tarehe moja bila kujali mwezi uko wapi angani atagombana na wapangaji wake maisha yote. Mwenye akili hukubaliana nao walipe wakati wa giza, samaki wanapouzwa. Haimgharimu chochote, na chumba hakikai wazi.

Bunda ni habari nyingine. Ni mji wa njia panda, kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, jirani na hifadhi ya Serengeti upande wa magharibi, na nyuma yake mashamba ya pamba. Wapangaji wake wamechanganyika zaidi: walimu, wanachuo wa ualimu, madereva, watu wa bodaboda, watumishi wa hospitali na wa halmashauri, wahudumu wa hoteli za watalii. Kwa mchanganyiko huo, mtu akilazimishwa kuchagua kati ya miji hii miwili, Bunda ina nafuu kwa mwekezaji wa vyumba.

Nafuu hiyo ina mipaka. Msimu wa pamba unapofunguliwa katikati ya mwaka, fedha hujaa mjini; dukani, kwenye baa na kwa wenye nyumba. Pamba ikikwama, kila kitu kinakwama. Msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008 uliangusha bei ya pamba kiasi kwamba Serikali, mwaka 2009, ililazimika kuwafidia wanunuzi na kuwasaidia wakulima. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, bei nzuri kwenye karatasi, lakini wanunuzi walikosa fedha na wakulima wakasubiri malipo kwa miezi. Mwaka uliofuata corona ilifunga utalii na wahudumu wa hoteli wakarudi makwao. Mkulima wa pamba aliyejenga vyumba Bunda mjini ili aepuke bei ya pamba, mwaka 2019 alidaiwa karo huku na kule akiwa na wapangaji wasiolipa, kwa sababu ile ile moja.

Ndiyo maana inasikitisha kuona mtu anauza maksai wa kulimia ili apaue chumba cha nne. Jozi ya maksai na plau yake humlimia mwenyewe, na msimu ukifika huwalimia majirani kwa malipo. Ni mtaji unaozalisha chakula na fedha kwa pamoja. Chumba cha nne kitamletea Sh30,000 kwa mwezi endapo kitapata mtu, naye kuanzia hapo atakodi maksai wa jirani. Vyumba vijengwe kwa ziada ya shamba. Vikijengwa kwa kulivua shamba nguo, familia inabaki na kuta na inanunua unga.

Wale wanaofikiria kukopa ili wajenge hawahitaji maelezo marefu. Riba ya mikopo ya benki nchini katika miaka ya karibuni imekuwa kwa wastani kama asilimia 15. Sh24 milioni kwa riba hiyo ni Sh3,600,000 za riba peke yake kwa mwaka wa kwanza, dhidi ya Sh1,500,000 za mapato. Mshahara wa mwenye nyumba ndio utakaolipa deni, na wapangaji watakuwa wanachangia tu.

Kinachoweza kubadilisha hesabu hii ni gharama ya ujenzi, na hapo mwekezaji ana mamlaka kuliko mahali pengine popote. Mpangaji wa chumba cha Sh30,000 hatafuti dari la jipsamu wala vigae vya kung'aa. Anatafuta mlango unaofungika, bati lisilovuja, choo safi, maji karibu na umeme usio na ugomvi. Nyumba ile ile ikijengwa kwa awamu, tofali za kuchoma, sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri, ikagharimu Sh14 milioni badala ya 24, mapato yale yale ya Sh1,500,000 yanakuwa karibu asilimia 11. Tofauti hiyo yote imetoka kwenye fahari ya mwenye nyumba, wala mpangaji hakuombwa hata senti moja zaidi.

Umeme unastahili maneno yake, kwa kuwa ndio chanzo cha nusu ya ugomvi wa nyumba za vyumba. Kwa bei za TANESCO zilizowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi. Akizidi hapo, uniti zinazozidi ni Sh350. Wapangaji sita wanaotumia uniti 20 kila mmoja ni watu maskini wa umeme, lakini wakichangia mita moja ya LUKU wanakuwa mteja mmoja wa uniti 120, na wote wanatolewa kwenye bei nafuu. Kisha inakuja kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU na tangu Julai 2023 ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kisheria ni deni la mwenye nyumba. Kiuhalisia hulipwa na mpangaji aliyekuwa na bahati mbaya ya kununua umeme siku hiyo. Mwenye nyumba muungwana huirudisha kwenye kodi ya chumba. Wachache hufanya hivyo.

Na sheria? Nchi haina tena sheria maalumu ya kudhibiti kodi za nyumba, baada ya ile ya mwaka 1984 kufutwa mwaka 2005. Mapatano ndiyo kila kitu, na kwa nyumba nyingi za Musoma na Bunda mapatano ni ya mdomo, mbele ya dalali ambaye hataonekana tena baada ya kuchukua chake. Karatasi moja yenye majina, kiasi, tarehe na sahihi mbili, ikigongwa muhuri wa Serikali ya Mtaa, ingepunguza mashauri mengi yanayopelekwa Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Kuhusu ile asilimia 10, mabadiliko ya mwaka 2022 yaliyomtaka hata mpangaji wa makazi kuizuia na kuipeleka TRA yalizua mjadala mkubwa, na si ajabu: kumtaka muuza dagaa wa chumba kimoja awe wakala wa kodi wa mwenye nyumba wake ni jambo linalopendeza zaidi ofisini kuliko uani.

Kisha mwenye nyumba hufariki. Huu ni upande ambao hauingizwi kwenye hesabu yoyote. Watoto sita, vyumba sita. Kila mmoja anachukua chake, mmoja anahamia na mkewe, mwingine anampa shemeji, wa tatu anapangisha na kula peke yake, choo kinajaa na hakuna wa kulipia kukinyonya. Uwekezaji wa miaka 30 unaisha ndani ya mwaka mmoja wa msiba. Wosia ulioandikwa unaosema nyumba isigawanywe ila mapato yake ndiyo yagawanywe ungeokoa nyumba nyingi. Vivyo hivyo kwa ndugu anayekaa bure "kwa muda": chumba chake kihesabiwe kama matumizi ya familia, kwenye daftari, kwa Sh30,000 zake kila mwezi.

Sasa Butiama, ambako ndiko macho ya wengi yameelekea.

Ni wilaya changa, iliyotangazwa mwaka 2012 kutoka Musoma Vijijini, na wilaya mpya huja na watumishi wanaohitaji pa kulala. Mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama unachota maji Ziwa Victoria na kuyapeleka huko, na kila bomba linalofika mahali hupandisha thamani ya chumba kuliko vigae. Kubwa kuliko yote ni Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho baada ya miaka mingi ya kuwa jina kilipata fedha za ujenzi kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa mwaka 2021. Kwa mwenye kiwanja, chuo kikuu ni maneno mawili tu: wanafunzi, vyumba.

Kuna kejeli ya historia hapa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba, ambaye mali zake zilikuja kuunganishwa na za Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sharti la viongozi lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Leo chuo chenye jina la mwasisi wa Azimio, katika kijiji alikozaliwa na alikozikwa, ndicho kinachowafanya watu watafute mawe ya msingi wa nyumba za kupangisha. Mwalimu angepata la kusema, bila shaka, ingawa wananchi wa kawaida hakuwakataza.

Wenye viwanja wa Butiama hawahitaji kwenda mbali kutafuta funzo. Buhemba iko ndani ya wilaya yao. Uchimbaji mkubwa wa dhahabu wa miaka ya mwanzo ya 2000 ulileta watu, mishahara na mahitaji ya vyumba. Ulipokoma, kabla hata muongo huo haujaisha, wapangaji wenye mishahara walifunga virago na wakabaki wachimbaji wadogo ambao kodi yao hufuata bahati ya shimo. Hospitali ya Kwangwa, Musoma, nayo ilianza kujengwa kabla wengi wa wapangaji wa leo hawajazaliwa, ikalala kwa miongo. Aliyenunua kiwanja jirani siku ya msingi akitarajia wauguzi na madaktari alizeeka akisubiri. Mradi wa umma unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado ukachelewa kuliko akiba ya mwananchi.

Mwanafunzi naye ni mpangaji wa aina yake. Hulipa mkopo wa elimu ukiingia, huondoka likizo, na hatakiwi kulipia miezi asiyokuwepo. Mwaka wa kodi wa mwanafunzi ni kama miezi minane au tisa. Kwa vyumba sita vya Sh30,000, miezi minane ni Sh1,440,000 kabla ya makato yoyote, ile ile Sh1,440,000 ya kupangisha nyumba nzima. Tena chuo hujenga mabweni yake, na kila kitanda cha bweni ni chumba kimoja cha mtaani kisichohitajika.

Hapo ndipo Halmashauri ya Wilaya ya Butiama na uongozi wa chuo wanapodaiwa na wananchi. Ingekuwa haki mbao za matangazo za kila kata zibandikwe karatasi inayoonyesha mambo matatu: idadi ya wanafunzi wanaotarajiwa kila mwaka, idadi ya vitanda vya mabweni, na maeneo yatakayopimwa kwa makazi. Habari hizo zipo kwenye mafaili. Zikikaa humo, watakaozitumia ni wachache wenye jamaa ofisini, na mkulima wa Busegwe ataendelea kununua kiwanja kwa kusikia.

Suala la kiwanja chenyewe halina mzaha. Sehemu kubwa ya ardhi ya wilaya ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Anayenunua kwa karatasi iliyoandikwa na muuzaji na mashahidi wawili, bila Halmashauri ya Kijiji kuidhinisha, hajanunua kitu cha kujengea nyumba ya Sh24 milioni. Na familia inayouza robo tatu ya shamba lake ili ijenge kwenye robo iliyobaki ijiulize kwanza mpangaji wa kwanza ataingia mwaka gani, na hadi hapo watoto watakula nini.

Kwa aliye na kiwanja halali na Sh24 milioni mkononi, hakuna sheria inayomlazimisha kuzizika zote siku moja. Anaweza kujenga vyumba viwili na choo kizuri kwa Sh8 milioni, vikachukuliwa na walimu au watumishi wa wilaya ambao tayari wapo, na kuacha nafasi ya vinne vingine. Sh16 milioni zinazobaki, kwenye hati fungani yenye riba ya asilimia 12, zinaleta Sh1,920,000 kwa mwaka. Ni zaidi ya zile Sh1,500,000 za vyumba vyote sita, na zitakuwa zinaingia kila baada ya miezi sita wakati chuo kikijaza madarasa yake.